Mwaka 2045, Umeme Umekatika

Mwezi uliopita tulikaa watu wanne kwenye kibaraza cha hosteli, tukiwa na kazi moja tu: kuandika usiku mmoja wa kawaida wa mwaka 2045, hapa hapa Tanzania, katika ulimwengu ambao teknolojia imepiga hatua kubwa na mambo yamekwenda vizuri. Si peponi. Vizuri tu. Mmoja wetu anasoma uhandisi wa umeme, mwingine kompyuta, mimi nahangaika na takwimu za afya. Wa nne tunamwita Sista, kwa sababu alikuwa muuguzi mkunga kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi chuoni.

Tukachagua mahali: zahanati ya kijiji kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma, ambako watu wengi husafiri kwa boti. Nusu saa haikuisha, tukawa tumemaliza. Zahanati yetu ilikuwa na akili mnemba inayomtambua mjamzito mwenye hatari kwa kumtazama tu, roboti la kuzalisha, na droni za kuleta damu ndani ya dakika kumi. Tukajipongeza.

Sista akasoma, akarudisha karatasi mezani. "Umeme ukikatika?"

Mhandisi wetu hakuchelewa: kuna sola, kuna betri.

"Betri ikichoka mwaka wa sita, nani ananunua nyingine? Halafu jamani, mimi siulizi habari ya taa. Tochi ya simu inatosha, nimezalisha hivyo mara nyingi tu. Nauliza friji."

Tukatazamana. Friji ya nini tena?

Nitarudi kwenye friji. Kwanza tuseme tulikuwa tunafanya nini pale, maana ukiangalia haraka unaweza kudhani ni watu wazima wanacheza.

Kujenga ulimwengu maana yake nini?

Waandishi wa hadithi za kisayansi wana kazi wanayoifanya kabla ya kuandika sentensi ya kwanza: wanajenga ulimwengu. Yaani wanabuni mahali penye kanuni zake, kisha wanazifuata kanuni hizo mpaka mwisho bila kujidanganya. Ukisema kuna droni, basi kuna mtu anaichaji, kuna mtu analipia vipuri, kuna siku ya mvua ambayo hairuki, na kuna mtoto anayeirushia mawe. Kila kitu unachokiingiza kinavuta vingine kumi nyuma yake.

Huu si utabiri. Mtabiri anasema, "Itakuwa hivi." Mjenzi anasema, "Ikiwa hivi, je, na hiki kitakuwaje?" Mtabiri akikosea ameaibika. Mjenzi akikosea amegundua mahali ambapo wazo lake linavuja, na amegundua mapema, kabla fedha haijatumika.

Siku hizi mbinu hii imetoka kwenye riwaya. Mwaka 2022 taasisi ya Future of Life Institute iliendesha shindano la kujenga ulimwengu wa 2045 ambamo akili mnemba yenye uwezo wa kiwango cha binadamu ipo, na dunia haijaharibika. Masharti yalikuwa mazuri: ulimwengu wako uwe wa kutamanika, lakini pia uwe wa kuaminika, na uandike kalenda ya matukio mwaka hadi mwaka inayoonyesha ulivyofika huko. Sisi tuliazima masharti hayo, tukayaleta mwambao wa Tanganyika.

Kwa nini mabaya ni rahisi kuyawaza?

Jaribu hili. Mwambie rafiki yako akusimulie mwaka 2045 mambo yakiwa yameharibika. Atakusimulia mpaka chai ipoe: maroboti yameasi, miji imeungua, watu wanapigania maji. Sasa mwambie akusimulie mambo yakiwa yamekwenda vizuri. Ataguna, ataangalia dari, halafu atasema, "Magari yatapaa."

Sababu si kwamba watu hawana matumaini. Ili mambo yaharibike, inatosha kitu kimoja kivunjike. Ili mambo yaende vizuri, inabidi vitu vingi vishikamane kwa wakati mmoja, na vikishikamana hakuna anayevitazama. Bomba likipasuka ni habari. Maji yakitoka kila asubuhi kwa miaka ishirini si habari, ingawa nyuma yake kuna mafundi, bajeti, vipuri na mtu anayeamka saa kumi alfajiri kufungua koki.

Kwa hiyo tunabaki na picha kali za maangamizi na picha hafifu za mafanikio. Na hapa pana hasara ya kweli. Anayechagua cha kusomea, anayepanga bajeti ya wilaya, anayeunda programu ya simu, wote wanafanya kazi wakielekea picha fulani kichwani. Usipokuwa na picha yako utaazima ya mwingine, na mara nyingi anayekuazima ni yule anayetaka kukuuzia mashine.

Watatu waliotutangulia

Mwaka 1905, huko Bengal chini ya utawala wa Waingereza, Rokeya Sakhawat Hossain alichapisha hadithi fupi iitwayo Sultana's Dream. Anabuni nchi inayoendeshwa na wanawake, na wanaume ndio wanaokaa ndani. Majiko yanapika kwa joto la jua, maji yanavunwa kutoka angani, na watu wanasafiri kwa vyombo vinavyopaa. Mwaka 1905! Lakini angalia alipoanzia. Katika hadithi, malkia kwanza anaamuru wasichana wasomeshwe. Mashine zinakuja baadaye, kutoka vyuo vikuu vya wanawake. Rokeya mwenyewe hakupelekwa shule. Kaka yake ndiye aliyemsaidia kujifunza Kiingereza nyumbani. Mwaka 1911 akafungua shule ya wasichana mjini Calcutta. Alijenga ulimwengu kwenye karatasi, kisha akaenda kutekeleza hatua yake ya kwanza.

Mfano wa pili ni wa mahesabu. Oktoba 1945 Arthur C. Clarke aliandika makala kwenye jarida la Wireless World akieleza kwamba chombo kikizunguka Dunia juu ya ikweta, kwenye kimo cha takriban kilomita 36,000, kitamaliza mzunguko mmoja katika muda uleule ambao Dunia inajizungusha mara moja. Ukiwa chini utakiona kimesimama palepale. Vitatu vya namna hiyo vingetosha kurusha matangazo karibu duniani kote. Mwaka 1964 setilaiti ya Syncom 3 ikawekwa huko, na ndiyo maana fundi akishafunga dishi juu ya bati halizunguki kutafuta kitu: setilaiti ipo palepale. Ila Clarke alidhani vituo hivyo vitakaliwa na watu, kwa sababu redio za wakati ule zilitumia vali za kioo zilizoungua kama balbu na kuhitaji mtu wa kuzibadilisha. Transista ikagunduliwa mwaka 1947, na haja ya yule mtu ikaondoka. Hesabu ilisimama, mazingira yaliyoizunguka yakabadilika.

Mfano wa tatu hauna mashine kabisa, lakini ndio uliotusaidia zaidi. Mwaka 1991 na 1992, wakati Afrika Kusini inatoka kwenye ubaguzi wa rangi na hakuna aliyejua itaangukia wapi, watu 22 wa pande mbalimbali, wanasiasa, wanaharakati, wasomi na wafanyabiashara, walikutana mara kadhaa mahali paitwapo Mont Fleur. Hawakuulizana "unataka nini?" Waliulizana "nini kinaweza kutokea?" Wakatoka na hadithi nne. Mbuni: serikali inafukia kichwa mchangani. Bata kiwete: kipindi cha mpito kinachechemea bila kumridhisha yeyote. Ikarusi, yule wa hadithi za Wagiriki aliyeruka karibu na jua mpaka nta ya mabawa yake ikayeyuka: serikali mpya inatumia fedha kwa kasi ili kumfurahisha kila mtu, halafu uchumi unaporomoka. Na heroe, ndege kama wale wa waridi wa Ziwa Natron: wanainuka polepole, lakini wanaruka pamoja.

Hadithi ya Ikarusi ndiyo ya kuzingatia. Kwa miaka michache ya mwanzo inafanana kabisa na mafanikio. Walioijenga walikuwa wanaonyesha kwamba hata ndoto nzuri inaweza kuwa na ufa ndani yake, na kwamba ufa huo unaonekana mapema ukikubali kuufuata mpaka mwisho.

Tunarudi kwenye friji

Sasa niwaeleze alichotueleza Sista.

Mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, mfuko wa uzazi unatakiwa kukaza. Misuli yake ikijibana ndiyo inayofunga mishipa ya damu iliyoachwa wazi pale kondo liliposhika. Isipokaza damu inamwagika, na mama anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache. Sindano iliyozoeleka ya kuusaidia mfuko kukaza ni oksitosini. Na oksitosini inatakiwa kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8.

Friji ikizimika kwa muda mrefu, dawa haibadiliki rangi. Haitoi harufu. Kichupa ni kilekile, maji ni yaleyale. Nguvu tu ndiyo inapungua.

Sista alitusimulia usiku mmoja. Umeme ulikuwa umekatika kwa siku kadhaa. Mama alijifungua salama, kisha damu ikaanza. Alichoma sindano, hakuona tofauti. Akachoma nyingine. Yule mama alifika hospitali akiwa hai, kwa boti na kwa bahati. Mpaka leo Sista hajui kama dawa aliyochoma ilikuwa bado dawa.

Roboti letu la kuzalisha lisingemsaidia kitu. Nalo lingechoma kichupa kilekile.

Kilichotushangaza ni kwamba sehemu ya jibu tayari ipo. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, kwa wanawake karibu 30,000. Ulipima karbetosini ya aina isiyoharibiwa na joto, isiyohitaji friji, na ikaonekana haizidiwi na oksitosini katika kuzuia damu kumwagika baada ya mtoto kuzaliwa. Mwaka 2023 ukatoka mwingine, uitwao E-MOTIVE, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kifaa chake kikuu ni shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo, linalowekwa chini ya mama. Damu ikifika mstari fulani, mkunga habahatishi kwa macho: anaanza hatua zote za matibabu kwa pamoja. Matatizo makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa takriban 60%.

Plastiki yenye mistari. Sisi kwenye kibaraza tulikuwa tumeshafika kwenye roboti.

Tukaandika upya

Safari hii tulijiwekea kanuni tano. Unaweza kuzitumia kwa jambo lolote, si lazima afya.

Ya kwanza: anza na mtu mwenye umri. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Kichanga aliyehesabiwa usiku ule atakuwa na miaka 23 mwaka 2045. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati yetu si kiumbe wa kufikirika. Leo ni mtoto mdogo, pengine anajifunza kuandika jina lake. Tulimwita Neema.

Ya pili: tenganisha kinachobadilika na kisichobadilika. Simu zitabadilika. Mfuko wa uzazi hautabadilika, wala upepo wa ziwani.

Ya tatu: vunja kitu kwa makusudi. Ulimwengu usioweza kuharibikiwa ni tangazo la biashara.

Ya nne: tafuta anayepoteza. Hakuna badiliko lisilomgusa mtu vibaya. Usipomwona, hujatafuta.

Ya tano: rudi nyuma. Anzia 2045, uliza kila mara, "Ili hili liwepo, mwaka uliotangulia nani alifanya nini?" mpaka ufike leo.

Hiki ndicho kipande tulichopata:

Novemba 2045, saa nane usiku. Umeme umekatika tangu jioni na ziwa limechafuka. Droni haiwezi kuruka. Neema yuko na mama mmoja na bibi aliyemsindikiza. Mtoto ametoka. Neema anachoma karbetosini aliyoitoa kabatini, si kwenye friji. Dakika kumi na mbili baadaye damu inafika kwenye mstari. Anasema kwa sauti kinachotokea, nusu Kiswahili nusu Kiha, na kifaa kidogo ukutani kinamwelewa bila intaneti. Kinamkumbusha hatua inayofuata, kinahesabu dakika, kinaandika kila dawa na saa yake, na kinamwamsha nahodha wa boti kwa redio ili awe tayari. Kuamua kama boti iondoke au isubiri, hilo ni la Neema. Anaangalia mstari, anapima mapigo ya moyo ya mama, anaamua kusubiri dakika tano. Damu inasimama. Nahodha anarudi kulala.

Ni hayo tu. Hakuna anayepaa. Lakini teknolojia ya hali ya juu ipo, tena ngumu kuliko roboti letu la mwanzo: mashine inayoelewa mkunga aliyechoka anayechanganya lugha mbili, usiku wa dhoruba, bila mtandao.

Kisha tukarudi nyuma. Ili kifaa kimwelewe Neema mwaka 2045, lazima kabla ya hapo mtu alikwenda kurekodi sauti za watu wa mwambao huo, kwa ridhaa yao. Ili hilo liwezekane, lazima wawepo watu wanaoshughulikia lugha zetu kwenye kompyuta, na wapo: Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Afrika, unafanya hivyo tangu mwaka 2019, na mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili zinazochangwa na watu wa kawaida. Ili karbetosini iwe kabatini, lazima mtu aliiandika kwenye orodha ya manunuzi, mwaka baada ya mwaka. Ili betri ya kifaa iwe hai, fedha ya betri ya pili ilitengwa siku ile ya kununua ya kwanza. Na nahodha analipwa hata usiku ambao hakuondoka.

Ukiyatazama mambo haya manne utaona moja tu ndilo linahitaji mtaalamu wa akili mnemba. Matatu yanahitaji mtu wa bajeti mwenye msimamo.

Anayepoteza naye tulimpata, na tukagombana. Kifaa kinachoandika kila dakika kinaandika pia kama muuguzi alichelewa kuamka. Ni msaidizi au ni mpelelezi? Na sauti ya mama akilia kwa uchungu ni ya nani? Mwenzetu wa kompyuta alitaka sauti zote zihifadhiwe ili mashine izidi kujifunza. Sista alisema sauti ya chumba cha kuzalia haitoki chumba cha kuzalia. Tukakubaliana kwamba zinatoka dakika na dozi tu, sauti inafutwa palepale. Mwenzetu hakuridhika, na ana hoja. Kwa hiyo kwenye ulimwengu wetu tumeuacha ugomvi huo: mwaka 2045 kijiji bado kinabishana. Kijiji kinachoweza kubishana na mashine yake ni dalili njema.

Lakini si ndoto za mchana hizi?

Swali la haki. Kuna tumaini la uvivu, lile la kusema teknolojia itatatua. Na kuna kukata tamaa kwa kivivu, kwa kusema sisi huku mambo hayo yatatufikia mwisho. Historia haikubaliani na lolote kati ya hayo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na watu wa kawaida wakawa wanatumiana fedha kwa simu ya tochi wakati nchi nyingi tajiri bado zinaandikiana hundi. Oktoba 2016 droni za Zipline zilianza kupeleka damu kwenye hospitali za Rwanda. Hayo hayakuteremka yenyewe: kila moja lilianza na mtu aliyelichora likiwa bado halipo, akauliza nani atalipa, likivunjika inakuwaje, na sheria inasemaje.

Kwa hiyo jaribu na wewe. Chagua sehemu moja unayoijua vizuri: soko, darasa la shule uliyosoma, kituo cha daladala. Chagua saa moja ya siku. Weka mtu mmoja mwenye umri na jina. Mpe teknolojia moja tu, kisha ivunje. Halafu, na hili ndilo muhimu kuliko yote, mpe karatasi yako mtu aliyewahi kufanya kazi mahali hapo. Usimpe rafiki anayekusifu. Mpe atakayeuliza habari ya friji.

Sisi tulimrudishia Sista toleo la pili. Alisoma taratibu, mara mbili, akasema, "Hapa sasa ningeweza kufanya kazi." Tukaanza kutabasamu. Akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Ila mtoto mmemsahau. Mmeandika ametoka, basi. Alilia?"

Tumeanza toleo la tatu.